Kusoma chapa za silva ya zamani ya Uingereza: mji kwanza, mwaka unafuata, fundi ni wa mwisho

Kijiko kiko mezani, nyuma kina vialama vinne vitano vimegongwa kwenye mstari mmoja na pembeni kuna herufi mbili. Karibu kila mtu anafanya kitu kilekile, anachukua zile herufi mbili anaziingiza Google, tuseme IS au WB, majibu yanamiminika, anachagua lile lenye bei ya kutisha halafu anakwambia kijiko chake kimetengenezwa na fundi wa mfalme. Hapo ndo watu wanapotea, maana London peke yake imekuwa na mafundi kibao waliotumia herufi zilezile kwa karne tatu nne, na bila kujua mji na mwaka zile herufi hazikwambii kitu.

Kwahiyo huu mwongozo unakwenda kinyume na mazoea. Unaanza na kama ni silva kweli, unaenda mji, unaenda mwaka, na ukishafika hapo fundi anabaki mmoja au wawili tu, unamkamata kirahisi. Nimejikita Uingereza kwa sababu mfumo wao ni mzee na umepangwa vizuri, na pia kwa sababu vitu vingi vinavyozunguka huku kwetu, vile vilivyoachwa na wakoloni, makombe ya klabu za zamani, vyombo vya mtumba vinavyoshuka na makontena, asili yake ni huko. Na kama unaishi huko huko Uingereza ndo kabisa, kila soko la Jumapili vimejaa.

KABLA YA KUSOMA, ACHA KUSUGUA

Kwetu chombo kikiwa cheusi mkono unaenda wenyewe kwenye majivu au stilwaya, na wajanja wa siku hizi dawa ya meno. Acha kabisa. Chapa zimeingia ndani ya silva kidogo sana na kila ukisugua unazilamba, kuna vijiko vya miaka 200 ambavyo alama yake ya simba imebaki kama mende aliyekanyagwa na hakuna mtu duniani atakayekusomea tena. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, kausha na kitambaa laini, basi. Weusi uliobaki ndani ya mistari ya chapa uache hapohapo, unasaidia kusoma.

Vifaa ni vichache: kioo cha kukuzia kama kile cha masonara, kinachokuza mara 10 kinatosha, na simu yenye kamera nzuri. Mwanga usitoke juu, uweke ubavuni, tochi ya simu nyingine iwe chini karibu na meza ili kivuli kiingie kwenye mistari. Kama bado haionekani pulizia pumzi ya mdomo juu ya chapa, ule ukungu ukianza kuondoka kuna sekunde chache unaona kila kitu, na hiyo mbinu shika kichwani maana tutairudia kwenye feki. Nyingine ya kizamani: pitisha chapa juu ya moshi wa mshumaa ipate masizi mepesi, bandika selotepu, bandua, bandika kwenye karatasi nyeupe, unapata picha ya chapa safi kuliko ya kamera. Masizi yanatoka kwa sabuni.

Wapi pa kutazama? Vijiko na uma ni nyuma ya mpini, na hapa kuna kitu kizuri, vile vya kabla ya miaka ya 1780 hivi chapa ziko chini karibu na pale mpini unapokutana na bakuli la kijiko, vya baadaye ziko juu karibu na ncha ya mpini, yaani hata kabla hujasoma chochote umeshapata fununu ya umri. Buli la chai ni chini ya kitako, na mfuniko nao ulitakiwa uwe na chapa zake. Vikombe mara nyingi karibu na ukingo au pembeni ya mkono. Koleo za sukari ni ndani ya miguu yake. Vinara vya mshumaa angalia ukingo wa kitako, na ujue vingi ndani vimejazwa uzito, kwahiyo kukipima kwenye mizani halafu ukapiga hesabu ya silva ni kujidanganya. Visu hivyohivyo, mpini ni ganda jembamba lililojazwa lami ngumu na ubapa wake wa kukatia ni chuma.

NI SILVA AU NI YA KUPAKA?

Hili ndo linalowaumiza watu wengi. Ukiona EPNS, acha kuhangaika, hiyo ni aloi ya nikeli iliyopakwa silva kwa umeme, na EPBM ni hivyohivyo ila chini yake kuna madini mengine ya bei rahisi. A1 ni daraja la upakaji, haimaanishi silva ya daraja la kwanza kama wauzaji wanavyopenda kusema. Maneno Nickel Silver au German Silver nayo hayana silva ndani hata chembe, ni shaba na nikeli na zinki.

Ujanja wa viwanda vya zamani ulikuwa huu: zile herufi E, P, N, S kila moja waliiweka kwenye kingao chake kidogo, kwa maandishi ya kigothi yenye madoido, zikapangwa mstari mmoja ili mtu wa mbali aone kama chapa za serikali. Zinadanganya mpaka leo. Upakaji wa umeme ulianza kuuzwa miaka ya 1840 na kampuni ya Elkington ya Birmingham, na kabla yake kulikuwa na ule wa Sheffield uliovumbuliwa na Thomas Boulsover miaka ya 1740, ambapo bamba la silva lilishikishwa kwa moto juu ya shaba nyekundu halafu vyote vikabanwa pamoja. Huo wa Sheffield wa zamani ni wa kupaka lakini una wapenzi wake na una bei yake, unaujua kwa wekundu unaochungulia kwenye kona zilizolika.

Majina makubwa nayo yasikutishe. Walker & Hall wa Sheffield walikuwa na chapa ya kibendera chenye herufi W&H, wakaigonga kwenye silva halisi na kwenye vitu vya kupaka vilevile, kwahiyo kibendera peke yake hakithibitishi kitu. Mappin & Webb wakiandika Prince's Plate hiyo ni ya kupaka. Vyombo vya mahoteli, meli na reli za enzi hizo vingi ni hivyo, na ni sawa tu, vilitengenezwa vioshwe kila siku.

Sumaku? Inasaidia upande mmoja. Ikinasa, ondoka. Isiponasa haijasema chochote maana shaba na nikeli ya EPNS navyo havinasi.

MTAFUTE SIMBA

Silva halisi ya Uingereza ina kiwango cha 925 katika 1000, na alama yake ni simba anayetembea akielekea kushoto, mguu mmoja wa mbele kaunyanyua. Huyu alianza kugongwa 1544. Ukimwona yeye na wenzake, umefika. Mtazame uso: mpaka mwaka 1821 hivi simba wa London alikuwa kageuza kichwa anakuangalia wewe, baada ya hapo anaangalia mbele anakokwenda. Kitu kidogo lakini nimeona watu wenye uzoefu wanakipita.

Kuna kipindi simba hayupo kabisa na bado ni silva tena bora zaidi. Kuanzia 1697 mpaka 1720 serikali ililazimisha kiwango cha 958 kwa sababu mafundi walikuwa wanayeyusha na kukwangua sarafu kupata malighafi. Alama za kipindi hicho ni mwanamke aliyeketi, Britannia, na kichwa cha simba cha ubavuni ambacho shingo yake inaonekana kama imenyofolewa. Baada ya 1720 kiwango hicho kiliruhusiwa kwa hiari, kwahiyo ukimwona Britannia usikimbilie kusema ni ya 1700, inaweza kuwa ya juzi.

Na usimchanganye na dada yake wa Ireland. Hibernia wa Dublin naye ni mwanamke aliyeketi, ila yeye yuko na kinubi, na aliingia miaka ya 1730. Mara nyingi jirani yake kuna kinubi chenye taji, hapo mjadala umeisha.

MJI

Sheria za kupima silva zilianza mwaka 1300 chini ya Edward wa Kwanza na alama ya kwanza ilikuwa uso wa chui, ambao kiukweli ukiukazia macho ni uso wa simba. Baadaye ukawa ndo alama ya London. Mpaka 1821 chui huyu alikuwa na taji kichwani, baada ya hapo hana. Hili nalo kariri.

Birmingham ni nanga. Sheffield ni taji, mpaka 1974, halafu likawa waridi. Ofisi zote mbili zilifunguliwa 1773 baada ya kampeni kali iliyosukumwa sana na Matthew Boulton, mwenye kiwanda wa Birmingham aliyechoka kupeleka mizigo yake Chester kugongwa na kurudi imekwaruzwa. Kuna simulizi kwamba nanga na taji vilitokana na baa ya London iliyoitwa Crown and Anchor walikokuwa wanakutania wakati wa kuomba kibali, wakagawana kwa kurusha sarafu. Sijui kama ni kweli ila inakusaidia kukumbuka.

Edinburgh ni ngome yenye minara mitatu, na kuanzia 1759 imeongezwa ua la miiba, kisha kuanzia 1975 simba aliyesimama kwa miguu ya nyuma. Glasgow ni chapa iliyojaa vitu, mti, ndege, kengele na samaki, ofisi ikafungwa 1964. Chester ni upanga katikati ya miganda mitatu ya ngano, ikafungwa 1962. Exeter nayo ngome ya minara mitatu, ndo maana inachanganywa na Edinburgh kila siku, Newcastle ni ngome tatu ndogo, York ni msalaba wenye simba watano juu yake, na hizi tatu zote zilifungwa ndani ya karne ya 19. Leo zimebaki nne: London, Birmingham, Sheffield, Edinburgh.

Sasa mtego. Uso wa chui haukuwa wa London peke yake. Miji kama Newcastle, York, Exeter na Chester iliugonga pia kwa kipindi kirefu, pamoja na alama ya mji wao. Kwahiyo sheria ya mkono ni hii: tafuta alama ya mji mwingine kwanza, ukiona ngome tatu na chui, hiyo ni Newcastle. Ukikosa kabisa alama ya mji mwingine ndo unasema London. Na kama hakuna alama yoyote ya mji ila kuna simba na nyingine, inawezekana ni London baada ya chui kufutika, au kitu kidogo ambacho hawakukigongea zote. Kwa Sheffield vitu vidogo vya zamani unaweza kukuta taji na herufi ya mwaka vimebanwa ndani ya chapa moja, usidhani ni kitu kipya.

MWAKA, NA HAPA TULIA

London walianza kugonga herufi ya mwaka 1478. Kila mwaka herufi moja, wakimaliza alfabeti wanarudi mwanzo kwa mtindo tofauti wa maandishi na mara nyingi kingao tofauti. London hawakutumia alfabeti yote, ni herufi 20, A mpaka U bila J. Na herufi ilibadilishwa katikati ya mwaka, London ni Mei, kwahiyo herufi moja inakaa juu ya miaka miwili ndo maana unaona watu wanaandika 1816/17. Kuanzia 1975 ofisi zote zikaanza kubadilisha Januari mosi, na tangu 1999 herufi ya mwaka siyo lazima tena.

Kila mji ulikuwa na mzunguko wake. Herufi ileile, Birmingham ni mwaka huu na London ni mwingine kabisa, ndo maana nimesema mji kwanza. Sheffield ndo vichekesho, tangu 1773 mpaka 1823 herufi zao hazikufuata mpangilio wa alfabeti, bila jedwali huwezi kubahatisha. Majedwali yapo bure mtandaoni, tafuta ya mji wako, usitumie la London kwa kila kitu.

Tuchukue mfano mmoja tuumalize. Umeshika kijiko cha London, hakuna ubishi, na herufi ya mwaka ni a ndogo, maandishi ya kawaida. Mizunguko ya London iliyoanza na a ndogo ya namna hiyo ipo ya 1736, 1776, 1816, 1896 na 1956. (Za 1856 na 1916 nazo ni ndogo ila ni za kigothi, unazitambua kwa yale makona makona yake.) Sasa utajuaje ni ipi? Herufi haitakusaidia tena, uliza majirani zake.

Muulize chui: ana taji? Kama analo, ni 1736, 1776 au 1816, maana taji lilivuliwa 1821. Kama hana ni 1896 au 1956. Muulize na simba, akikutazama usoni ni zile tatu za zamani, akiangalia mbele ni hizi mbili za karibuni, kwahiyo hata chui akiwa amefutika simba anakuokoa. Halafu uliza kama kuna kichwa cha mfalme. Kuanzia Desemba 1784 mpaka 1890 kila kipande kilicholipiwa ushuru kiligongwa kichwa cha mtawala aliyekuwepo, kama risiti ya kodi. Kwahiyo a ndogo, chui mwenye taji, kichwa cha mfalme kipo: 1816. A ndogo, chui mwenye taji, kichwa hakipo: 1736 au 1776, na kama chapa ziko chini karibu na bakuli la kijiko, umepata shahidi wa pili. Kati ya 1736 na 1776, au kati ya 1896 na 1956, hapo ni umbo la kingao na jedwali lenye picha, plus mtindo wa chombo chenyewe.

Umeona? Alama nne, hakuna hata moja inayotosha yenyewe, ila zikikaa pamoja zinabanana mpaka unabaki na mwaka mmoja au miwili. Na kinyume chake ni muhimu vilevile, zikigombana, kwa mfano herufi inasema 1776 lakini kichwa cha mfalme kipo, basi kuna tatizo, ama umesoma vibaya au mtu amechezea.

Kichwa chenyewe nacho kinasema. Victoria anaangalia kushoto. Waliomtangulia, George wa Tatu, wa Nne na William wa Nne, kwa kawaida wanaangalia kulia. Isipokuwa ile mwanzo kabisa, 1784 mpaka 1786, George wa Tatu anaangalia kushoto na kichwa chake kimezama ndani ya silva badala ya kutokeza juu. Ukikipata hicho, furahi, maana ni kipindi kifupi na wakusanyaji wanakitafuta.

Kwa makombe na ngao za michezo zilizobaki kwenye klabu za enzi ya ukoloni Nairobi, Tanga, Dar au Zanzibar, kichwa usikitegemee kwa sababu nyingi ni za karne ya 20, ushuru ulishafutwa 1890. Na maandishi yaliyochorwa juu, sijui mashindano ya mwaka fulani, hayo siyo ushahidi wa umri wa chombo. Kombe linaweza kuwa limetengenezwa miaka mingi kabla halijachorwa jina. Soma chapa, ndo cheti chake cha kuzaliwa.

SASA FUNDI

Alama ya fundi ilianza kulazimishwa 1363. Mwanzo zilikuwa picha, baadaye herufi. Kipindi kile cha Britannia, 1697 mpaka 1720, walitumia herufi mbili za mwanzo za jina la ukoo, ndo maana Paul de Lamerie, mmoja wa mafundi wakubwa kuliko wote, alama yake ya kwanza ya 1713 ni LA. Wengine walirudi kwenye herufi za jina na ukoo, na mwaka 1739 wakaamriwa wote wasajili alama mpya zenye maandishi tofauti na ya zamani. Kwahiyo fundi mmoja anaweza kuwa na alama tatu nne maisha yake yote, na hilo badala ya kukuchanganya linakusaidia kupunguza miaka.

Mambo ya kuangalia ukishakuwa na mji na mwaka: herufi ni za kawaida au za mwandiko wa mkono, kati yake kuna kidoti, nyota, au hakuna kitu, na kingao ni duara, mstatili, au kimekatwa kona. Hivyo vyote vilisajiliwa. HB ya mwandiko wa kuviringa ni Hester Bateman wa London, HB ya kawaida ni mtu mwingine. Na kumbuka zamani J iliandikwa I, kwahiyo IS ni John au James au Joseph wa S fulani, acha kutafuta Isaac kila mara.

Familia ya Bateman ni darasa zuri sana la hili. Hester alikuwa mjane, mumewe alifariki 1760 na mwaka uliofuata akasajili alama yake mwenyewe, akaendesha karakana mtaa wa Bunhill Row mpaka alipostaafu 1790. Wanawe Peter na Jonathan wakasajili PB juu ya IB Desemba ya mwaka huohuo, lakini Jonathan akafariki 1791, kwahiyo alama hiyo ilidumu miezi michache tu na ni adimu. Mjane wake Ann akaingia, ikawa PB juu ya AB. Mwaka 1800 akaongezeka William, herufi zikawa mistari mitatu, PB, AB, WB. Kuanzia 1805 ni PB na WB. Sasa fikiria umepata kijiko ambacho herufi ya mwaka imelika kabisa, lakini mistari mitatu ya fundi inasomeka: umeshabanwa ndani ya miaka mitano. Hapa ndo fundi anakusaidia kupata mwaka, lakini ni kwa sababu ulishajua ni London na kipindi gani.

Kitu kingine ambacho wauzaji hawapendi kukisema, ile alama inaonesha nani alipeleka chombo kupimwa. Siyo lazima mikono yake ndo ilikitengeneza. Karakana kubwa zilikuwa na vijana wengi, na wenye maduka walinunua kwa wengine wakagonga chapa zao juu. Kwahiyo ukiona PS ya Paul Storr, fundi maarufu wa London, usifikiri amekaa mwenyewe na nyundo usiku kucha. Bei inapanda hata hivyo.

Na usilazimishe. Sehemu ya madaftari ya usajili ya London ya katikati ya karne ya 18 yalipotea, kwahiyo kuna alama za kipindi hicho hazitakuwa na jina la uhakika hata ukimpelekea bingwa. Ukikwama hapo, andika London, mwaka fulani, fundi WX hajulikani. Hiyo ni kazi nzuri kabisa.

FEKI NA ZILIZOCHEZEWA

Ushuru ulikuwepo pia kabla ya 1784, kati ya 1720 na 1758 silva ililipiwa kwa uzito, na mafundi wajanja wakaanza kukwepa. Walichukua kitu kidogo kilichopimwa kihalali, wakakata kile kipande chenye chapa, wakakichomelea kwenye buli zito ambalo halijalipiwa. Hizo zipo na zinauzwa. Dawa yake ni ile pumzi: puliza eneo lote kuzunguka chapa, ukiona mstari wa duara au mraba unajitokeza, hapo pamechomelewa.

Kwenye seti ya vijiko, weka picha za chapa pembeni kwa pembeni. Chapa za kweli ziligongwa kwa mkono moja moja, kwahiyo zinapishana kidogo, simba mmoja kalala upande, herufi moja imeingia zaidi. Kama vijiko sita vyote chapa ziko sehemu ileile, na mkwaruzo uleule kwenye kona ileile, vimemiminwa kutoka kwenye kijiko kimoja. Utaona pia vitundu vidogo vidogo vya hewa na kingo za chapa ni laini laini.

Namba 925 kwenye kijiko kinachoitwa cha miaka ya 1700? Weka chini, ondoka. Waingereza wa wakati huo hawakugonga namba hiyo. Neno STERLING nalo mara nyingi ni Marekani, isipokuwa mafundi wa Cork huko Ireland, ambao karne ya 18 walikuwa mbali na ofisi ya Dublin wakaamua kugonga neno hilo wenyewe, na hizo ni ghali sana.

Kingine ni vyombo vilivyogeuzwa, kikombe cha kawaida kimewekewa mdomo kikawa jagi. Chapa ni za kweli, chombo ni cha uongo. Sheria ya Uingereza ya 1973 inakataza kuuza kitu kilichobadilishwa namna hiyo bila kupimwa upya, kwahiyo ukinunua ukiwa huko, fahamu hutaweza kukiuza kihalali.

KAMA SIYO YA UINGEREZA

Nitapita haraka. Ufaransa tangu 1838 ni kichwa cha Minerva chenye kofia ya vita, na alama ya fundi iko ndani ya umbo la almasi, hilo umbo mara nyingi linakupeleka Ufaransa. Ujerumani tangu 1888 ni mwezi mwandamo na taji, na namba, mara nyingi 800. Urusi ya wafalme ni namba 84, ambayo ni 875 katika 1000 kwa hesabu zetu, na kuanzia mwisho wa karne ya 19 kuna kichwa cha mwanamke mwenye kilemba cha kirusi, akiangalia kushoto ni kabla ya 1908, kulia ni baada. Marekani hawakuwa na ofisi ya taifa ya kupima, ni neno STERLING au COIN na jina la kampuni, na angalia sana Gorham ambao alama yao ni simba, nanga na G, inafanana mno na Birmingham na imewapiga wengi.

Kitu kilichoingia Uingereza kutoka nje kuanzia 1904 mpaka mwishoni mwa miaka ya 1990 kina alama za miji tofauti na zile nilizotaja, Birmingham kwa mfano ni pembetatu, halafu ndani yake au jirani kuna .925. Kwahiyo herufi za mwaka ni za Uingereza lakini utengenezaji ni wa kwingine.

Na vya kwetu? Silva ya pwani na Oman, vikuku, mitali, majambia, hirizi za kifuani, kwa kawaida haina chapa yoyote na usipoteze muda na kioo. Nyingi ilitokana na kuyeyusha riale za Maria Theresa, sarafu ya gramu 28 na kiwango cha 833, kwahiyo sonara akikipima kikatoka 800 na kitu siyo lazima ni feki, ndo malighafi yenyewe. Na kama sarafu imening'inizwa kwenye mkufu ikiwa imeandikwa 1780, huo siyo mwaka wa mkufu. Riale zote za namna hiyo zimeandikwa 1780, hata zilizogongwa karne ya 20, na Vienna, London, Roma na Bombay wote waligonga. Kwa vitu hivi asili unaitafuta kwenye mtindo wa kazi, uchomeleaji, na historia ya familia iliyokitunza, kwahiyo kabla bibi hajasahau, mkalishe umwulize alikipata kwa nani na lini, uandike, na hiyo karatasi ikae na kitu chenyewe kwenye kisanduku.